Umesubu, imepoa, umepima, haifiti: ni metali imesinyaa au kuna kingine?

Umechora kitu chako vizuri kwenye kompyuta, umekiprinti, umekifukia mchangani au umekimwagia plasta, umemimina alumini, umesubiri ikapoa, alafu unachukua kalipa unapima unakuta matundu mawili yaliyotakiwa yaachane milimita 80 yameachana 79 kasoro kidogo na boliti haiingii hata uibembeleze vipi. Hapo ukimuuliza yeyote atakwambia hukuweka nyongeza ya kusinyaa, ongeza saizi urudie. Na inaweza kuwa kweli kabisa, maana alumini ikishaganda inaendelea kujivuta kwa karibu asilimia 1.3 mpaka ifike joto la kawaida, na asilimia 1.3 ya 80 ni milimita moja na kidogo.

Ila mimi nimeshaona watu (na mimi mwenyewe nikiwemo) wakiongeza saizi, wakarudia, wakaongeza tena, wakarudia, metali inaisha, gesi inaisha, na kitu bado hakifiti, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa la metali. Kati ya mchoro kwenye skrini na kitu mkononi kuna hatua nyingi, printa ina kosa lake, mpira una lake, nta ina lake, mchanga una lake, na mwisho kabisa msasa wako nao unakula. Sasa ukikusanya yote hayo ukayaita kusinyaa ndo unaanza kukimbizana na namba.

Kwanza kabisa, pima sehemu fupi na sehemu ndefu

Hili ningelijua mapema ningeokoa muda mwingi sana. Kusinyaa kunakwenda kwa asilimia, maana yake kosa linakua jinsi urefu unavyokua. Sehemu ya milimita 10 ikipungua 0.13 basi ya milimita 100 lazima ipungue 1.3. Lakini makosa ya juu juu, kama vile msasa, plastiki kuvimba pembeni, rangi uliyopaka kwenye pateni (yaani kile kielelezo unachokifukia mchangani), haya yanakula au yanaongeza kiasi kile kile kila mahali, hayajali sehemu ni ndefu au fupi.

Kwahiyo chukua kitu chako, chagua kipimo kimoja kifupi na kimoja kirefu, vyote viwe vya nje kwa nje na vyote upande mmoja wa kitu, usichanganye ulalo na kimo. Tuseme cha 10 kimepungua 0.33, cha 100 kimepungua 1.5. Toa, unapata 1.17, gawa kwa 90 ambayo ndo tofauti ya urefu, unapata asilimia 1.3. Hiyo ndo kusinyaa. Sasa rudi kwenye cha 10, asilimia 1.3 yake ni 0.13, imebaki 0.2 haina maelezo. Hiyo 0.2 iko hivyo hivyo kwenye kile cha 100 pia. Hiyo sio kusinyaa, hiyo ni ngozi, umekula 0.1 kila upande, pengine kwenye msasa, na huwezi kuirekebisha kwa skeli, yaani kukuza kitu kizima kwa asilimia, hata siku moja, ukijaribu sehemu ndefu zitazidi na fupi zitabaki pungufu. Dawa yake ni kurudi kwenye mchoro ukaongeza unene wa uso kwa 0.1 pande zote, au kupunguza hasira kwenye msasa.

Na upime kitu kikiwa kimepoa kweli kweli. Najua haraka ilivyo, unataka kujua tu. Alumini ya milimita 100 ikiwa bado ina nyuzi 60 juu ya joto la chumba inasoma kama 0.14 zaidi, unajipongeza saa hii, jioni unanuna.

Kimepungua kila upande, asilimia ile ile

Hii ndo kesi nzuri, tena nakuombea iwe hii. Hapa kweli ni kusinyaa na dawa yake ni skeli. Namba za kuanzia ambazo wachonga pateni wametumia miaka yote ni hizi: chuma cha kusubu cha kijivu karibu asilimia 1, alumini 1.3, shaba njano kama 1.5, stili karibu 2. Zamani walikuwa na rula maalum kabisa ambazo milimita zake zimerefushwa kidogo kulingana na metali, yaani fundi anapima kawaida tu bila hesabu yoyote na pateni inatoka kubwa yenyewe. Sisi tunaandika namba kwenye programu, kazi ni ile ile.

Ni namba za kuanzia tu lakini, usiziapie. Alumini yenye silikoni nyingi (ile elementi, sio mpira wa moldi) inasinyaa pungufu kuliko ile laini ya nyaya, na ukiyeyusha mchanganyiko wa vyuma chakavu usivyovijua basi na asilimia yake huijui.

Kwenye hesabu watu wanateleza sehemu mbili. Ya kwanza ndogo: kama metali inapoteza asilimia 2 ya ukubwa wa moldi, nyongeza sahihi sio kuzidisha kwa 1.02, ni kugawa kwa 0.98, ambayo inatoka 1.0204. Kwenye kitu kidogo haina maana hiyo tofauti, kwenye kitu cha nusu mita ni 0.2 ya milimita, we ndo utaamua kama inakuuma.

Ya pili ndo inaua. Umeweka skeli 101.3, umesubu, ulitaka 100 umepata 98.2. Watu wengi wanaona kimepungua 1.8 basi wanaenda kuweka 101.8. Hapana! Hiyo 1.8 imepungua JUU ya ile 1.3 uliyokwisha kuongeza, kwahiyo unatakiwa uzidishe, skeli ya zamani mara kipimo unachotaka gawa kwa kipimo ulichopata, 101.3 mara 100 gawa 98.2, unapata kama 103.16. Na ukishaona 103 kwenye alumini ujiulize vizuri, maana alumini yenyewe hainywei asilimia 3 ikaisha hivyo, kuna hatua nyingine hapo kati imekula na hujaipima. Soma chini huko kwenye mpira.

Alafu kuna wanaochanganya urefu na ujazo. Asilimia 1.3 ni ya urefu, upana na kimo, kila kimoja peke yake. Ukubwa wa ujazo unapungua karibu mara tatu ya hapo, kama 3.9. Ukikuta namba mahali hakikisha inaongelea nini, maana mtu anaona 6 na kitu ya alumini anaenda kuongeza saizi asilimia 6, kumbe ile ni ya ujazo wakati inaganda na haihusiani na skeli kabisa, nitaifikia.

Kimetoka kikubwa

Unategemea kipungue, kimezidi. Kama kimezidi kwa karibu asilimia ile ile uliyoongeza, tuseme 100 imekuwa 101.3, basi umeongeza mara mbili, kwenye programu ya kuchorea na tena kwenye programu ya printa. Mimi hili limenitokea kwenye puli, nikakaa siku mbili nalaumu mchanga, kumbe faili lilikuwa limeshaongezwa tangu wiki iliyopita na mimi nikaongeza tena siku ya kuprinti. Tangu siku hiyo faili la asili siligusi.

Kama sio hilo, kwenye mchanga angalia unavyoitoa pateni. Ile kuigonga gonga ili ilegee inapanua shimo, na kwa vitu vidogo inaweza kufuta kabisa nyongeza yote ya kusinyaa. Pateni ya plastiki iliyoprintiwa ina mistari ya tabaka inayong'ang'ania mchanga, kwahiyo unaigonga zaidi, kwahiyo shimo linapanuka zaidi. Ipige msasa, ipake kitu cha kuziba ile mistari, na uweke mteremko kidogo ukutani kwenye mchoro, digrii moja mbili, utashangaa inavyotoka yenyewe. Mchanga uliokandamizwa kilegevu nao unasukumwa na uzito wa metali, ukuta unarudi nyuma, kitu kinanenepa.

Na kwenye plasta ya kusubia kwa nta, plasta yenyewe inavimba inapoganda na inavimba tena ikipashwa moto kwenye tanuru. Hii sio kasoro, wanaotengeneza meno ya metali wanaitegemea kabisa, plasta yao imeundwa ivimbe kiasi cha kufidia kusinyaa kwa aloi. Sasa kama unatumia plasta ya aina hiyo alafu na wewe umeongeza skeli yote ya kitabuni, umelipa deni mara mbili.

Kimepungua kuliko hesabu zote

Hapa karibu kila mara ni hatua zilizofichika, na kwa watu wa pete na vidani ni mpira.

Fuatilia safari yenyewe. Umeprinti modeli ya rezini. Umeitengenezea moldi ya mpira. Umeingiza nta kwenye mpira. Nta imefukiwa kwenye plasta, ikayeyushwa, metali ya fedha ikaingia. Kila kituo kimetoza ushuru wake. Rezini inajivuta inapokauka na mwanga na tena unapoimalizia kuikausha. Mpira wa kupikwa kwa joto ndo mkubwa wao, unapikwa kwenye kama nyuzi 150, ukipoa unajikunja kwa asilimia kadhaa, sio kidogo. Silikoni ya kuchanganya ambayo hukaushwa na platini haisinyai karibu kabisa, ile ya bati inasinyaa taratibu na inaendelea kusinyaa hata ikiwa imekaa kabatini, kwahiyo moldi ya leo na moldi hiyo hiyo baada ya miezi sio kitu kimoja. Nta nayo inajivuta ikipoa.

Tuseme kwa mfano mpira unakula 3, nta 1, metali 1.5. Wengi wanajumlisha wanapata 5.5. Kilichobaki kiukweli ni 0.97 mara 0.99 mara 0.985, ambayo ni 0.946, ukigawa moja kwa hiyo unapata skeli ya karibu 105.7. Kwenye pete tofauti ya 105.5 na 105.7 ni ndogo, lakini tofauti ya 105.7 na ile 101.5 uliyokuwa umeweka ukidhani ni metali tu ndo iliyofanya pete ikatae kidole. Pete ya kipenyo cha ndani milimita 17.3, ambayo ni saizi 7 ya Marekani, ikipoteza asilimia 2 peke yake inapungua 0.35, na nusu saizi kwa vipimo hivyo ni kama 0.4. Yaani asilimia mbili tu na mteja anahisi.

Dawa sio kukisia jumla. Pima kitu kile kile, sehemu ile ile, kwenye kila kituo: kilichoprintiwa, nta iliyotoka kwenye mpira, na metali kabla hujaigusa na tupa, alafu metali baada ya kupolishi. Andika. Hatua inayokula sana utaiona yenyewe, haijifichi ukishaiandika. Mara nyingi utakuta printa yako imeshakula asilimia nzima kabla hata hujawasha moto, na hiyo inarekebishwa kwenye printa, sio kwenye hesabu za metali. Plastiki ya PLA inasinyaa kidogo sana, ya ABS zaidi, na rezini inategemea chupa.

Kesi nyingine ya hapa: umechukua kipande cha zamani kilichovunjika, ukakiskani, ukakisubu tena. Kile kipande kilishasinyaa mara moja kilipotengenezwa na pengine kimelika kwa kutumika pia. Ukikitumia kama pateni bila nyongeza unapata mjukuu wake mdogo. Vivyo hivyo ukisubu pateni ya alumini kutoka kwenye plastiki ili uje uitumie kumwagia shaba, hapo nyongeza ni mbili, ya alumini na ya shaba, na zote zinawekwa kwenye plastiki ya kwanza.

Nje pako sawa, tundu ndo tatizo

Kuna imani imeenea kwamba metali ikisinyaa tundu linapanuka, kama vile nyama inavyorudi nyuma. Sio hivyo. Tundu linasinyaa pamoja na mwili wake, asilimia ile ile. Fikiria picha unayoipunguza kwenye simu, shimo lililomo kwenye picha nalo linapungua. Tundu la 25 kwenye alumini bila nyongeza linatoka 24.7 hivi, na printa nyingi za waya wa plastiki zinaprinti matundu madogo kuliko mchoro tayari, kwahiyo beringi yako imekataliwa mara mbili kabla hujafika.

Ila kuna mambo ya kiini. Kama tundu limetengenezwa na kiini kigumu cha mchanga kilichokaushwa, metali inayotaka kujivuta inakumbatia kitu kisichobonyea, inanyimwa nafasi, kwahiyo tundu linasinyaa pungufu kuliko nje. Ukiweka skeli moja kwa kitu kizima, nje inatoka sawa, ndani inatoka kubwa. Hali hiyo hiyo utaiona kwenye umbo la kiatu cha farasi, yaani herufi U, au fremu yenye mchanga mgumu katikati, miguu inazuiwa kukaribiana. Hapo hakuna skeli moja itakayokuridhisha, unarudi kwenye mchoro unabadilisha kipimo cha ndani peke yake, au unatengeneza kiini dhaifu zaidi kinachovunjika metali inapoanza kujivuta.

Binafsi kwa tundu la beringi sihangaiki. Nalichora dogo kwa milimita mbili tatu, naacha nyama, nakuja kulikereza. Kusubu tundu la kufiti beringi moja kwa moja ni kujitafutia presha. Uzi wa boliti ndo kabisa usijaribu, toboa piga uzi maisha yaendelee.

Ulalo sawa, kimo hapana

Kama urefu na upana vimekubali na kimo kimekataa, metali haina kesi, yenyewe haijui juu ni wapi (isipokuwa imezuiwa na mchanga kama nilivyosema hapo juu). Angalia printa, tabaka la kwanza linalobanwa sana kwenye meza linafanya kitako kinenepe na kimo kipungue. Kwenye mchanga angalia mstari wa kukutania kwa boksi la juu na la chini, chembe kadhaa za mchanga hapo zinaongeza nusu milimita, na metali ikijaa inaweza kuliinua boksi la juu kabisa kama hujaliwekea uzito. Dalili yake ni upindo mwembamba wa metali umetambaa pembeni kwenye ule mstari. Ukiuona huo usiguse skeli, ongeza uzito juu ya boksi.

Kama ni printa inayokosea kimo kwa asilimia ile ile kila mara, programu nyingi zinaruhusu kuweka skeli tofauti kwa kila upande. Fanya hivyo ila kumbuka umeprinti kimelala vipi, maana ukija kukigeuza siku nyingine kosa linahama na wewe.

Juu pamebonyea, ndani kuna sponji

Hii watu wanaita kusinyaa na ni kusinyaa kweli, ila ni kusinyaa kwingine na ndipo skeli inapoingizwa kwenye kesi isiyoihusu. Metali inapungua mara tatu: ikiwa bado uji inapoa, inapogeuka kutoka uji kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapoendelea kupoa. Skeli inafidia ile ya tatu tu. Mbili za kwanza zinafidiwa kwa kuongeza uji, hakuna njia nyingine. Alumini safi inapoganda inapoteza karibu asilimia 6 na nusu ya ujazo wake, na ule ujazo lazima utoke mahali, kama hakuna pa kuuchota utauchota kwenye kitu chako, ndo unaona juu pamedidimia au unakata ndani unakuta mashimo yenye kuta zenye chunusi.

Kwahiyo ukiongeza saizi ya kitu kwa asilimia 3 kisa kina bonde juu, utapata kitu kikubwa zaidi chenye bonde juu.

Kinachotakiwa ni raiza, kile kihodhi cha akiba, na kiwe kinaganda cha mwisho. Kanuni ya Chvorinov inasema muda wa kuganda unafuata ujazo gawa kwa eneo la uso, alafu hiyo unaizidisha kwa yenyewe, maana yake kitu kinene kifupi kinakaa uji muda mrefu kuliko chembamba. Raiza nyembamba kama kidole juu ya bonge la metali inaganda kwanza, inafunga mlango, na baada ya hapo ni pambo. Tena inapoganda wakati bonge bado ni uji inaweza hata kunyonya kutoka kwenye bonge badala ya kulilisha. Iweke karibu na sehemu nene kabisa, iwe nene kuipita, na shingo yake isiwe ya kubanwa sana. Programu ya kuchorea inakupa ujazo na eneo la uso wa sehemu yoyote kwa kubofya tu, itumie, gawa, linganisha.

Na uchore vizuri pia: bonge lililoungwa na ukuta mwembamba ni kulitafuta tatizo. Toboa bonge, punguza nyama, pindisha kona za ndani kwa mviringo.

Utofautishe na gesi lakini. Mashimo ya gesi ni mviringo, laini, yanang'aa ndani, yametawanyika popote. Ya kusinyaa yana kingo za kukwaruza na yanakaa kwenye sehemu nene. Kwenye plasta ya jasi ukipitisha sana joto la tanuru, ile 730 na kuendelea, plasta inaanza kuoza na kutoa gesi ya salfa, na mabaki ya plastiki ambayo hayajaungua yakaisha nayo yanachangia. Hapo hata uweke raiza kama ndoo haisaidii.

Chuma cha kijivu ndo kina tabia zake, kinapoganda grafaiti inatanuka na inafidia sehemu ya upungufu, kwahiyo mtu aliyezoea chuma akihamia alumini na raiza zile zile ndogo anashangaa.

Kimepinda au kimepasuka

Kupinda: sehemu nyembamba imepoa mapema, nene imechelewa, nene ikija kujivuta inavuta na mwenzake. Au umekitoa mchangani kikiwa bado chekundu moyoni. Kiache. Au pateni yenyewe ilishapinda, PLA inaanza kulegea kwenye kama nyuzi 60, ukiiacha kwenye gari lililopigwa jua, usiku utasubu ndizi. Iweke juu ya kioo kabla hujafukia.

Kupasuka kwenye kona ya ndani ni ile habari ya kuzuiwa, metali inajivuta ikiwa bado dhaifu na mchanga au kiini kimekataa. Legeza mchanga eneo hilo, weka mviringo kwenye kona. Kama nyufa ziko kwenye plasta na sio kwenye metali, yaani metali imetoka na mapezi membamba ya ajabu, ni plastiki au rezini ilivimba kabla haijaungua ikapasua plasta. Printi yenye uwazi ndani, panda joto taratibu, toa njia ya hewa.

Jana kilifiti, leo hakifiti

Faili lile lile, skeli ile ile. Basi umebadilisha kitu bila kujua. Kwenye nta ni joto na presha ya kuingizia, ukiongeza presha nta inajaa zaidi na inasinyaa pungufu. Kwenye plasta ni maji, uji mzito unavimba zaidi kuliko uji mwepesi, kwahiyo kama unakadiria maji kwa macho basi na saizi unakadiria kwa macho. Pima kwa mizani. Kwenye metali ni chakavu kipya. Kwenye rezini ni chupa mpya au muda wa kuikausha.

Kama tofauti ni kubwa ya kuchekesha, kimetoka kama punje au hakienei kwenye meza, acha kutafuta sayansi, faili la STL halibebi kipimo, linabeba namba tupu, programu moja imeelewa milimita nyingine inchi, na hapo unazidisha au kugawa kwa 25.4.

Ninachofanya mimi kila nikibadilisha metali, mchanga, rezini au plasta: nasubu fimbo ya majaribio kwanza. Milimita 100 urefu, yenye vidato vya 10 na 20 pembeni, tundu moja la kupitisha kiini na moja bila kiini, na herufi X na Y zimechongwa juu ili nijue ililalaje kwenye printa. Metali yenyewe ni ya kijiko, inayeyushwa tena baadaye. Inanipa asilimia yangu mimi, kwa jiko langu na mkono wangu, na hiyo ndo naiweka kwenye jina la faili pamoja na metali, kitu kama puli_alumini_1013, huku lile la asili linaitwa puli_asili na limefungwa lisihaririwe.

Na skeli naiweka mwisho kabisa, kwenye nakala, baada ya kuongeza nyama ya kukereza na ngozi ya msasa. Raiza na mirija ya kumiminia nayo naichora baada ya hapo, haina haja ya kuwa sahihi, inakatwa inarudi kwenye chungu.